Kamati Iliyofyeka Vilima Ikaacha Bonde

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, nimewasikia, marahaba. Walio wa misheni, Tumsifu Yesu Kristo. Ndugu zangu Waislamu, asalaam aleikum. Na asiye wa huku wala wa kule, mwangaluka ya Kisukuma chetu. Nimesalimia wote makusudi, maana nimeambiwa siku hizi kamati ya chama hiki hata salamu mnachaguliana.

Msicheke sana, sijaanza. Mwenyekiti wenu alinifuata kwangu Geita kwa baiskeli, akafika suruali imejaa vumbi, akaniomba nije niwaeleze yaliyotupata sisi. Nikamwuliza, wenzako wanagombania nini? Akasema nusu ya kamati inataka chama kijenge ghala la pamba, nusu inataka linunuliwe lori, na tangu msimu uishe hakuna kikao kilichomalizika bila mtu kuinuka amekasirika. Nikamwambia, mambo ya maghala na malori mimi siyajui. Ninachojua ni habari ya kamati moja iliyokaribia kutuua kwa njaa, na kila mtu ndani yake alikuwa anafanya kazi kwa bidii. Akasema, hiyo hiyo njoo uwaeleze.

Basi nitaeleza. Majina sitaji. Wengine wako hai, tena mmoja ana wakwe zake kwenye benchi lile la nyuma.

Kwetu ni upande wa Tinde. Mnaijua ardhi ya kule jinsi ilivyochoka. Mtu analima kutwa, anavuna vya kubeba kichwani. Ng'ombe walikuwa wanatoka alfajiri kwenda majini na kurudi jua limezama, na wakirudi wana kiu tena. Mimi nilikuwa nimefanya kazi ya mgodi miaka mingi, kwanza dhahabu, chini kabisa kwenye joto na maji ya kudondoka, halafu almasi Mwadui, juu ya ardhi. Mshahara wangu sikuunywa. Niliununulia ng'ombe, mmoja mmoja, mpaka nikawa na zizi ambalo hata baba yangu hakuwa nalo. Halafu nikarudi nyumbani nikawatazama wanakonda.

Ikasikika kwamba magharibi, huko Geita, kuna ardhi mpya. Mwenye kutaka aende, ila ni msitu, na msitu una mbung'o, inzi anayeua ng'ombe. Bwana Mifugo alikuja akatuambia wazi: watu wanaweza kukaa, ng'ombe hapana, mpaka vichaka viondoke. Tukakusanyika familia nyingi, tukachagua kamati ya kutuongoza, na mimi nikawa mwenyekiti. Msidhani ni kwa akili zangu. Nilichaguliwa kwa sababu sichezi ngoma.

Hapo nieleze kidogo kwa ajili ya wageni waliotoka mikoa mingine. Sisi Wasukuma tuna makundi mawili makubwa ya ngoma, na mtu amezaliwa katika moja au ameingia katika moja. Tukishavuna, makundi hukutana uwanja mmoja, yanacheza wakati mmoja, hili huku na hili kule, na kundi linalovuta watazamaji wengi ndilo limeshinda. Ndiyo hukumu yenyewe, hakuna mwamuzi mwingine. Makundi hayo siyataji majina. Nikitaja lipi lilikuwa upande upi, mtaacha kunisikiliza na kuanza kushangilia.

Mimi nililelewa misheni Ushirombo, ngoma zikanipita. Basi kamati ikawa hivi: mimi katikati, halafu wakubwa wawili wa ngoma, mmoja wa kila kundi, kwa sababu bila wao hakuna kijana ambaye angeshika shoka. Wa nne alikuwa mwenye duka mmoja, mtu wa Tabora, Mwislamu, mpole, ambaye alitufuata kwa kuwa wateja wake wote walikuwa wanahama. Watu wanne tu. Nawaambia, watu wanne wanatosha kabisa kuharibu nchi.

Mahali tulipoonyeshwa palikuwa na vilima viwili, na bonde katikati lenye kijito. Tukakaa, tukaweka lengo. Lengo lilikuwa zuri, hata leo nikilikumbuka naona lilikuwa zuri: tufyeke msitu wote, kilima hadi kilima, kabla ya mvua, ndipo tulete ng'ombe. Tukamwambia mwanangwa, mkuu wa kijiji, naye akalipeleka mbele. Halafu mmoja wa wale wakubwa akasema, kwa nini tusigawane? Kundi lake lianzie kilima cha mashariki, kundi la mwenzake kilima cha magharibi, wakutane bondeni. Mwenzake akakubali kabla hajamaliza kusema. Tangu siku hiyo mimi humwita huyu wa Mashariki na yule wa Magharibi, na leo nitawaita hivyo hivyo.

Ndugu zangu, kazi ilikwenda sijapata kuona. Shoka zilikuwa zinashuka pamoja kwa mlio wa ngoma. Huku wakiimba wimbo wa kuwasema wale, kule wanajibu. Watu walitoka mbali, hata Bulyanhulu, kuja kutazama tu, na kila watazamaji walipoongezeka, miti ilianguka haraka zaidi. Nikajisifu moyoni. Nikasema, kumbe kuongoza watu ni rahisi hivi.

Ila vikao vikaanza kubadilika. Tulikuwa tunakaa kila baada ya soko. Wa Mashariki anasimama anaeleza wamefika wapi. Wa Magharibi anasimama, hamjibu, anaeleza na yeye wamefika wapi. Hakuna aliyeuliza mwenzake swali. Na mimi nilikuwa nawasikiliza kama mtu anayetazama mbio.

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Mtu anayefyeka mteremko wa kilima anaonekana na kila mtu. Kilima kinabaki uchi, mnaokaa ng'ambo mnakiona, mnasema jamani hawa ni wanaume. Lakini bondeni, kando ya kijito, kulikuwa na kichaka kizito cha miiba. Ukiingia mle huonekani. Hakuna mtazamaji atakayekufuata kwenye miiba, na kutwa nzima utatoka na kipande kidogo kama kitanda. Basi wa Mashariki walipokaribia chini, wakageuka wakarudi juu kufyeka mgongo wa kilima chao. Wa Magharibi nao vivyo hivyo. Kila nilipouliza habari ya bonde, kila mmoja aliniambia atashuka mwenzake akishaanza kushuka.

Mwenye duka ndiye aliyesema, "Bwana mwenyekiti, mbona tumefyeka kila mahali isipokuwa pale wanapokaa mbung'o?"

Wa Magharibi akamwambia, "Bwana, wewe pima sukari."

Tukacheka, na mimi nilicheka. Kikao kikaisha.

Mawingu yakaanza kujikusanya. Kule Tinde majani yalikuwa yamekwisha kabisa, habari zinakuja za ng'ombe wanaoinuliwa asubuhi kwa kushikwa mkia. Huku kwetu vilima vilikuwa vyeupe, majani mapya yanachipua kwenye mashina. Mtu akitazama, anaona malisho. Wa Mashariki akasema ameshinda. Wa Magharibi akasema ameshinda yeye. Kwa kuwa hawakuweza kukubaliana, wakaona mshindi ni yule ambaye watu wake watakunywa maziwa kwanza kwenye nchi mpya. Kila mmoja akatuma vijana kuleta ng'ombe. Na wangu wakaja pia, maana kuwaacha kule ilikuwa ni kuwaacha wafe.

Ng'ombe wakala mlimani vizuri. Lakini ng'ombe hanywi mlimani. Kila siku mchana walishuka kijitoni, wakapita katikati ya kile kichaka, wakasimama majini wakipunga mikia.

Sihitaji kuwaeleza wafugaji kilichofuata. Walianza kutoa machozi. Manyoya yakasimama, mgongo ukatokeza, ng'ombe anakula na bado anakonda. Halafu analala na hainuki. Walikufa wa Mashariki, walikufa wa Magharibi, na wangu walikufa kwa zamu, wale niliowanunua kwa jasho la chini ya ardhi. Kila mmoja nilikuwa najua ni mshahara wa mwezi gani. Mke wangu alikuwa na mapacha, Kulwa na Doto, wameshaacha ziwa, wanaishi kwa maziwa ya ng'ombe na uji. Ikabaki uji. Halafu uji wa michembe, viazi vilivyokaushwa. Doto akaanza kuvimba miguu, nywele zikawa nyekundu. Mimi mtu mzima niliogopa kumtazama mtoto wangu.

Na kamati je? Ikavunjika. Wa Mashariki alisema mbung'o wametoka upande wa Magharibi. Wa Magharibi alisema wametoka upande wa Mashariki. Niliwauliza kama mbung'o naye anacheza ngoma, hakuna aliyecheka. Familia zikaanza kufunga mizigo kurudi. Walipokutana njiani walipishana kimya. Na mimi nikaacha kuitisha vikao. Nilikaa nyumbani. Asubuhi nilitoka kuhesabu waliobaki, nikarudi kukaa. Mke wangu akinisemesha nilimjibu neno moja. Nilikuwa nimeshindwa, na nilikuwa na hasira na watu wote waliowahi kunichagua.

Sasa, ng'ombe wangu wa mwisho. Jike mweupe mwenye mabaka. Siku moja akalala, na ilipoonekana hafiki jioni, tukamwita mwenye duka amchinje ili watu wa dini zote wapate kula. Mnajua desturi yetu. Ng'ombe wa jirani akilala, unakwenda. Unakwenda na kitu chako mkononi, mtama au kuku au chumvi, unachukua fungu la nyama, ili mwenye hasara apate kurudishiwa kidogo. Asiyekwenda ametangaza uadui wa moja kwa moja, na watoto wake wataurithi. Kwa hiyo wale wakubwa wawili, pamoja na yote, walikuja. Wa Mashariki akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Wa Magharibi akaketi kwenye gogo. Wakapeana migongo, wakingoja nyama.

Tunachuna, kimya. Mwenye duka hawezi kukaa kimya, ndiyo kazi yake. Akamwuliza wa Magharibi, "Bwana, na wale ng'ombe wako uliowaacha kule nyuma, wanaendeleaje?"

"Wazima, mvua zimewainua. Wako Tinde kwa mtu."

"Ndugu yako?"

"Siyo ndugu. Rafiki ya marehemu baba. Wanalala kwake tangu baba yuko hai."

Nikainua kichwa. Huyo mtu nilikuwa namfahamu. Nikasema, "Yule mwenye kovu shavuni? Si ni mchezaji wa upande wa pili huyo?"

"Huyo huyo, Baba Kulwa."

"Na hakuibii?"

Akakasirika kweli. "Aniibie? Hajawahi kupoteza hata ndama. Mwaka ule wa ukame aliwatanguliza wangu majini, wake wakafuata."

Nadhani alikuwa amejisikia mwenyewe. Tukaendelea kuchuna. Baada ya muda, yule wa Mashariki, bila kugeuka, akasema, "Na mimi wangu wako kwa mtu wenu. Kule Bulyanhulu."

Ndugu zangu, kuna kitu hapa ambacho kila Msukuma anakijua na sisi wanne tulikuwa tumekisahau. Mfugaji haweki ng'ombe wote zizi moja. Anampa huyu wawili, anampa yule mmoja, wakae nao, maziwa yawe yao, ndama warudi kwa mwenyewe, na akifa mmoja ngozi yake iwe ushahidi. Ugonjwa ukiingia kwako, kuna waliosalimika kwingine. Na ng'ombe wa mwenzio akilala kwako, unamtunza kuliko wako, kwa kuwa wako akifa ni hasara, wa mwenzio akifa ni aibu. Tulikuwa tunafanya hivyo kila mahali, hata na wapinzani wa ngoma, isipokuwa pale tulipokuwa kamati.

Nikaweka kisu chini. Nikasema, mkileta ng'ombe tena, wa Mashariki walale Magharibi, wa Magharibi walale Mashariki. Tuone kama kuna atakayesema bonde ni la mwenzake.

Wa Mashariki akacheka kidogo puani. Lakini wa Magharibi akatikisa kichwa, na alichokisema kilikuwa kweli. Akasema, "Sisi tulimwambia mwanangwa msitu wote, kilima hadi kilima. Nyuma ya kilima changu bado. Vijana wangu nimewaapia tutamaliza. Nikiwaambia leo waache, washuke kwenye miiba wasikoonekana, nitakuwa mkubwa wa nini?"

Mwenye duka akamwuliza taratibu, "Huko nyuma ya kilima, kuna ng'ombe anayekwenda?"

"Hapana."

"Kuna maji?"

"Hakuna."

"Basi miti ya huko imekukosea nini, Bwana?"

Nikamwambia, mwenzangu, tulipotoka Tinde hatukutoka kutafuta msitu wa kukata. Tulitaka watoto wanywe maziwa. Msitu wote ilikuwa njia tuliyoidhani siku ile, tulikuwa hatujajua bonde lina nini. Sasa tumejua. Nikamwonyesha Doto, amekaa mlangoni na miguu yake ile.

Alichukua fungu lake la nyama akaondoka. Hakukubali wala hakukataa. Usiku ule nilijua kwamba asipokubali, mimi nami nafunga mzigo, na Doto hafiki Tinde.

Asubuhi nikasikia shoka. Mlio ulikuwa unatoka chini. Nikashuka, nikamkuta wa Magharibi kwenye miiba, yeye na mkewe na shemeji yake, bila ngoma, bila mtazamaji hata mmoja. Mikono inatoka damu. Nikaanza kuvuta matawi. Jua lilipopanda kidogo akaja wa Mashariki na shoka begani. Mtu yule tangu nimfahamu hajawahi kumwuliza mtu jambo la kazi. Akamwambia mwenzake, "Nianzie wapi?"

"Anzia hapo kwenye mkono wako wa kushoto."

Akaanzia hapo. Siku zilizofuata vijana walishuka, makundi yote mawili yamechanganyika. Wakabishana waimbe wimbo wa nani, wakashindwa kupatana, wakafanya kazi kimya. Mimi sijawahi kufurahia ukimya namna ile. Nyuma ya vilima tukapaacha, na hadi leo ndiko tunakokata kuni. Mwenye duka akatushauri tuchimbe visima mteremkoni, ng'ombe wasilazimike kushuka kijitoni mpaka kichaka kiishe, tukachimba. Mimi nikaenda kwa mwanangwa kueleza kwamba lengo tumelibadilisha. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno. Akanisikiliza, akauliza, "Watu wanabaki?" Nikasema wanabaki. Akasema basi.

Vikao navyo tukavibadilisha. Tukakubaliana wa Mashariki aeleze shida za Magharibi, na wa Magharibi aeleze shida za Mashariki. Kikao cha kwanza kilikuwa aibu tupu. Wa Mashariki alisimama, akakuta hajui hata jambo moja la mwenzake, akaketi. Kabla ya kikao cha pili nilimwona anapanda kilima cha magharibi kwenda kuuliza. Mkitaka kuiga kitu kwetu, igeni hicho, hakina gharama.

Ng'ombe waliletwa wachache, baada ya Bwana Mifugo kuja kukagua bonde, wakalala kwa wapinzani kama tulivyosema. Mimi sikuwa na wa kuleta. Wa Magharibi akaleta jike mwenye ndama, akamfunga kwangu, akasema, "Baba Kulwa, nitunzie huyu." Mtunzaji ndiye mwenye maziwa. Alijua anachofanya, na mimi nilijua. Doto ni yule pale nje anayewashikia baiskeli zenu. Mnaona miguu yake.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mke wangu, aliyekaa na mtu wa neno moja bila kunitupia chungu. Namshukuru mwenye duka, aliyetukanwa akabaki. Nawashukuru wale wawili, na hapa nimalizie na wao.

Msimu uliopita, yule wa Magharibi alifariki. Ghafla, kifua. Mjane alikuwa mgeni katika mali ya mumewe, hajui nani anakaa na ng'ombe gani, na mnajua matangani ndipo watu hupata usahaulifu. Siku ya tatu, watu tumeketi uani, makundi yote mawili, tukasikia kengele za ng'ombe. Alikuwa wa Mashariki, peke yake, fimbo mkononi, anaswaga kundi zima. Jike aliyekabidhiwa na marehemu, na watoto wake, na wajukuu wake. Hakuna aliyekuwa amemdai. Hakuna hata aliyejua ni wengi kiasi kile. Akawaingiza zizini mwa marehemu, akafunga lango, akaja kupiga goti mbele ya mjane kama mtoto, akasema, "Shemeji, hawa ni wa mumeo. Mmoja alikufa, ngozi yake nimeileta." Akaiweka chini.

Watu waliokuwa wakisema kamati yetu ilibahatika, siku ile waliona haikuwa bahati.

Ghala au lori, ndugu zangu, mimi sijui. Kaeni, mtajua. Ila leo kabla hamjaanza kupiga kura, kila mmoja atazame aliyekaa mbele yake, ajiulize: nikifa usiku huu, huyu atamletea mke wangu ngozi? Kama hujui jibu, kikao chenu bado hakijaanza.